Mshumaa, kutu, kijiti chenye kaa au mizani: jaribio lipi linafundisha mwako vizuri zaidi?

Nilikuwa nimefundisha jaribio la mshumaa kwenye sahani ya maji, ule unaofunikwa kwa bilauri ukiwa unawaka, kwa miaka kadhaa kabla mwanafunzi mmoja hajanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mbona maji yamepanda mshumaa ulipokwisha kuzimika?"

Nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba moto umeila oksijeni yote, nafasi ikabaki tupu, na maji yakaingia kuijaza. Kama ndivyo, maji yangepanda kidogo kidogo tangu mshumaa unawaka. Hayakufanya hivyo. Yalitulia, mwali ukafifia, ukazimika, ndipo yakapanda ghafla. Mwenye macho haambiwi tazama, na darasa zima lilikuwa limeona. Mimi ndiye niliyekuwa nasimulia maelezo niliyoyazoea huku bilauri ikisema jambo jingine.

Tangu siku hiyo sichagui jaribio kwa kuangalia tu vifaa vilivyopo, wala kwa kuangalia ni lipi litawafurahisha zaidi. Naanza na swali: mwanafunzi akitoka hapa nataka aweze kutetea kauli gani, na je, alichokiona kwa macho yake kinatosha kuitetea? Majaribio ya mwako yanafanana ukiyatazama juu juu, lakini kila moja linathibitisha jambo lake. Na mengine hayathibitishi kabisa lile ambalo tumezoea kusema yanathibitisha.

Kwa anayetaka kuyaona yote kwa pamoja kabla ya kuingia ndani:

| Jaribio | Swali linalolijibu vizuri | Swali lisilolijibu | Muda |
|---|---|---|---|
| Mshumaa chini ya bilauri kavu | Je, moto unahitaji hewa? | Ni sehemu gani ya hewa inayotumika | Dakika chache |
| Mshumaa kwenye sahani ya maji | Kwa namna ya kawaida, karibu hakuna | Oksijeni ni kiasi gani hewani | Dakika chache |
| Nyuzi za chuma zinazoshika kutu | Oksijeni ni kiasi gani hewani? | Mwali ni nini | Siku moja au mbili |
| Kijiti chenye kaa | Oksijeni inaufanyia nini moto? | Oksijeni inakwenda wapi | Kipindi kimoja |
| Chuma au magnesi kwenye mizani | Oksijeni inakwenda wapi? | Oksijeni ni kiasi gani hewani | Kipindi kimoja |

Mshumaa: bilauri kavu au sahani ya maji?

Haya mawili huchukuliwa kama jaribio moja. Kwangu mimi yako mbali sana.

La bilauri kavu ni hili. Washa mishumaa mitatu inayolingana. Mmoja uache wazi, wa pili ufunike kwa bilauri ndogo, wa tatu ufunike kwa chupa kubwa ya mdomo mpana. Wa bilauri ndogo utazimika kwanza, wa chupa kubwa utafuata, na wa wazi utaendelea kuwaka. Wanafunzi wapime muda kwa saa na wauandike. Chombo kikubwa zaidi, muda mrefu zaidi. Lakini usiwaahidi kwamba ujazo ukiwa maradufu na muda utakuwa maradufu kamili, kwa sababu umbo la chombo, urefu wa mshumaa na ukubwa wa utambi vyote vinaingilia hesabu.

Kauli ambayo mwanafunzi anaweza kuitetea hapa ni moja: moto unahitaji hewa, na hewa iliyofungiwa hufika mahali ikashindwa kuuendeleza. Ishia hapo. Usiongeze "kwa sababu oksijeni imekwisha", maana haijaisha. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, naitrojeni 78, na kilichobaki ni agoni pamoja na gesi nyingine kidogo. Mshumaa uliofungiwa huzimika oksijeni inaposhuka hadi karibu asilimia 16. Maana yake, mwali unapokufa, takriban robo tatu ya oksijeni bado imo ndani ya bilauri.

Jambo hili huwashangaza wanafunzi, na ni vizuri liwashangaze. Hewa tunayoitoa kwa kupumua nayo ina oksijeni karibu asilimia 16 hadi 17 na kabonidayoksaidi karibu asilimia 4. Kwa hiyo kuna nyongeza rahisi: jaza chupa maji, igeuze ndani ya beseni, kisha pulizia pumzi ndani kwa mpira mpaka maji yote yatoke. Chukua chupa nyingine ya ukubwa uleule yenye hewa ya kawaida. Teremsha mshumaa katika kila moja na upime. Ule wa chupa ya pumzi utazimika upesi zaidi. Hapo mwanafunzi anaona kwamba kuishi kwetu na kuwaka kwa mshumaa vinategemea sehemu ileile ya hewa, bila hata mlingano mmoja wa kikemia.

Nyongeza ya pili ninayoipenda: chini ya chombo kimoja kikubwa weka mshumaa mrefu na mshumaa mfupi. Waulize upi utatangulia kuzimika. Waliokwisha kusikia kwamba kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa watasema mfupi. Lakini mrefu ndio hutangulia, kwa sababu gesi zitokazo kwenye mwali ni za moto, hupanda na kujikusanya juu kwanza. Kisha chukua chombo kilicho wazi juu, weka mishumaa hiyohiyo ndani, na uitengeneze kabonidayoksaidi chini kwa siki na bikaboneti. Safari hii gesi ni baridi, inatulia chini, na mfupi unatangulia. Gesi ni ileile. Kilichobadilika ni joto lake. Ukiwa na darasa linalopenda kubishana, majaribio haya mawili yakiwekwa bega kwa bega yanaweza kumaliza kipindi kizima.

Sasa sahani ya maji. Jaribio hili ni la kale mno: Philo wa Byzantium alilieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1674 John Mayow wa Uingereza aliliandika la kwake, la mshumaa na mnyama mdogo waliofungiwa juu ya maji. Leo hii linarudiwa kila mahali likiwa na maelezo mafupi: maji yamepanda moja ya tano, kwa hiyo oksijeni ni moja ya tano ya hewa.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache maelezo hayo. Nta ya mshumaa ni mchanganyiko, lakini tunaweza kuiwakilisha kwa molekuli moja ya kawaida:

C₂₅H₅₂ + 38O₂ → 25CO₂ + 26H₂O

Kwa kila molekuli 38 za oksijeni zinazotumika, 25 za kabonidayoksaidi zinazaliwa. Maji yanayotokea hupoa na kuwa matone kwenye kioo, hivyo tuyaache. Hata kama mshumaa ungetumia oksijeni yote, yaani sehemu 21 katika 100, kabonidayoksaidi ingerudisha karibu sehemu 14, na upungufu ungekuwa sehemu 7 tu. Na kwa kuwa mshumaa huzimika baada ya kutumia sehemu 5 hivi, upungufu wa kweli ni chini ya sehemu 2. Kabonidayoksaidi huyeyuka kwenye maji, lakini kwa muda mfupi wa jaribio hili ni kidogo inayopotea hivyo.

Basi maji yanapandishwa na nini? Bilauri inaposhushwa juu ya mwali, hewa iliyomo inapata joto na kutanuka. Nyingine hutoka, na mara nyingi utaona mapovu ukingoni. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na kanieneo, yaani mgandamizo, ya hewa ya nje inasukuma maji ndani. Ndiyo sababu yanapanda mwishoni. Na kama kuna mwanafunzi anayetaka ushahidi, weka mishumaa mitatu badala ya mmoja chini ya bilauri ileile. Oksijeni iliyomo haijaongezeka hata kidogo, lakini maji yatapanda juu zaidi.

Kwa hiyo, ukilinganisha: bilauri kavu ni jaribio dogo lenye jibu la kweli, sahani ya maji ni jaribio la kupendeza lenye jibu ambalo si lake. Usilitumie kupimia oksijeni. Litumie, kwa wanafunzi wakubwa, kama fumbo juu ya joto na kanieneo ya gesi, na hapo linang'aa.

Kutu dhidi ya mshumaa: nani anapima oksijeni?

Kama lengo lako ni ile moja ya tano, acha mshumaa na uchukue nyuzi laini za chuma, zile za kusugulia sufuria. Ziwe za chuma tupu, zisizo na sabuni wala za aina isiyoshika kutu. Zioshe kwa siki ili mafuta yanayozikinga yatoke, zikung'ute, kisha zisukume hadi chini ya neli ndefu ya majaribio zikae imara. Geuza neli, simamisha mdomo wake ndani ya maji, tia alama mahali maji yalipoanzia, uondoke. Kesho yake, au keshokutwa, maji yatakuwa yamepanda karibu moja ya tano ya urefu wa hewa iliyokuwemo.

Kwa nini kutu inaweza pale mshumaa unaposhindwa? Zipo sababu tatu, na napenda wanafunzi wazitafute wenyewe kabla sijazitaja. Kwanza, kinachozaliwa ni kigumu: oksijeni inaungana na chuma na kubaki hapo kama kutu, hakuna gesi mpya inayochukua nafasi yake. Pili, kutu haikati tamaa kwenye asilimia 16. Inaendelea kunyonya mpaka oksijeni iwe karibu imekwisha. Tatu, joto la mwanzo na la mwisho ni moja, ni la chumba, hivyo kupanda kwa maji si kazi ya hewa kupoa. Kila udhaifu wa jaribio la mshumaa umepata dawa yake hapa.

Uangalifu unahitajika katika kusoma kipimo. Kabla ya kusoma, inua au shusha neli mpaka maji ya ndani yalingane na ya nje, la sivyo hewa ya ndani itakuwa imevutwa na kipimo kitapungua. Soma saa ambazo chumba kina joto linalokaribiana na la siku ya kwanza. Na andaa neli nyingine isiyo na chuma, isimame kando; maji yake yakikaa palepale, hakuna atakayesema maji hupanda yenyewe.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: funga mdomo wa neli kwa kidole, igeuze, na utumbukize kijiti kinachowaka. Kitazimika papo hapo. Hewa iliyobaki, karibu yote naitrojeni, haiwezi kuuendeleza moto. Hapo ndipo kutu na moto vinakutana.

Mkutano huo lazima uuandae, maana udhaifu mkubwa wa jaribio hili ni kwamba hakuna moto. Mtoto wa miaka kumi haoni undugu wowote kati ya chuma kilichogeuka rangi ya kahawia na mshumaa unaowaka, na sioni sababu ya kumlazimisha auone mapema. Kwa wakubwa, undugu huo ndio somo lenyewe: mwako ni uoksidishaji, yaani kuungana na oksijeni, wa haraka unaotoa joto na mwanga, na kutu ni uoksidishaji wa taratibu ambao joto lake hutawanyika bila sisi kulihisi. Antoine Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, mwenyewe hakutegemea mwali alipotaka kuelewa hewa. Alipasha moto zebaki iliyofungiwa pamoja na hewa kwa siku 12, unga mwekundu ukajitokeza juu yake na hewa ikapungua. Kisha akaupasha ule unga kwa joto kali zaidi, na gesi ileile iliyopotea ikarudi. Neli yako yenye nyuzi za chuma inafuata nyayo hizo, bila sumu ya zebaki.

Kijiti chenye kaa

Majaribio mawili yaliyotangulia yanaonyesha oksijeni kwa kutokuwepo kwake: moto umekufa, maji yamepanda. Kijiti chenye kaa kinaionyesha ikiwepo, na kwa mwanafunzi tofauti hiyo ni kubwa. Unawasha kijiti, unakipuliza kizimike kibaki na kaa jekundu, unakiingiza katika chombo cha oksijeni, nacho kinashika mwali tena. Sijaona darasa lisiloomba kirudiwe.

Namna ya kupata hiyo oksijeni ndiyo inayohitaji uamuzi. Ninayoipendekeza ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, au 6 kwa wakubwa, ikichanganywa na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kupungua. Peroksaidi inavunjika na kuwa maji na oksijeni: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂. Ile ya asilimia 3 inaweza kutoa oksijeni karibu mara 10 ya ujazo wake, kwa hiyo mililita 50 zinakupa takriban nusu lita, inayotosha vikundi kadhaa. Usiguse ile ya asilimia 30 kwa kazi hii. Huunguza ngozi, na mchemko wake hauzuiliki kirahisi.

Kichocheo kinaweza kuwa manganizi dayoksaidi au hamira. Manganizi dayoksaidi ni ya haraka na haifanyi povu jingi, na baadaye unaweza kuichuja, kuikausha na kuipima ili waone kwamba haikupungua. Hamira ni rahisi kuipata na haina madhara, lakini povu lake hupanda hadi mdomoni na kukilowesha kijiti, na kijiti kilichoshindwa kushika moto kwa sababu ya unyevu kinawafundisha watoto kinyume cha ulichokusudia. Ukitumia hamira, chukua chombo kirefu na utie peroksaidi kidogo. Vyovyote utakavyochagua, ikiwa unaikusanya gesi juu ya maji, mapovu ya kwanza yaache yaende, maana ni hewa iliyokuwa ndani ya chombo.

Kupasha moto pamanganeti ya potasiamu pia hutoa oksijeni, na baadhi ya maabara hupenda njia hiyo. Inahitaji kizuizi cha pamba ya kioo mdomoni mwa neli ili unga usirushwe, na mwalimu aliyeizoea. Kloreti ya potasiamu mimi siitumii darasani. Uchafu kidogo wa karatasi au mkaa unatosha kuifanya ilipuke.

Kuna mtego mmoja wa lugha hapa, na nauona muhimu kuliko hata uchaguzi wa kichocheo. Wanafunzi wengi wakiona kijiti kikiwaka tena husema "oksijeni imewaka". Haikuwaka. Kilichoungua ni mbao. Oksijeni iliuwezesha mwako. Njia ya kuwatoa hapo ni kuwaonyesha mwisho wa jaribio: kijiti kikitolewa, ndani ya chombo hakubaki mwali. Kama oksijeni yenyewe ingekuwa inaungua, chombo kizima kingewaka. Mimi huwataka waandike sentensi mbili zenye vitenzi viwili tofauti, "mbao imeungua" na "oksijeni imewezesha", na kila anayeandika "oksijeni imeungua" tunakaa naye palepale.

Usalama: chombo kiwe mbali na mafuta, nywele zifungwe, nguo zisining'inie. Kitu kinachowaka polepole hewani huwaka kwa kasi sana katika oksijeni nyingi.

Mizani: nyuzi za chuma au magnesi?

Ukinilazimisha kubaki na jaribio moja tu kwa wanafunzi wa sekondari, nitabaki na mizani. Yote mengine yanaonyesha kwamba moto unahitaji oksijeni. Hili peke yake linaonyesha oksijeni imekwenda wapi.

Waulize kwanza, tena kwa maandishi: nyuzi hizi za chuma zikiungua, zitakuwa nyepesi zaidi, nzito zaidi, au zitabaki vilevile? Wengi sana watajibu nyepesi, na wana haki, kwa sababu maisha yao yote wameona kuni zikigeuka majivu. Watu wenye akili nyingi waliwaza hivyohivyo kwa takriban karne nzima. Georg Ernst Stahl wa Ujerumani, akiendeleza mawazo ya Johann Joachim Becher, alifundisha kwamba kila kinachoungua kinaachia kitu kiitwacho flojistoni. Mwaka 1774 Joseph Priestley wa Uingereza alipoelekeza mwanga wa jua kwa lenzi kwenye oksaidi ya zebaki na kupata gesi iliyouwezesha mshumaa kuwaka kwa nguvu, aliieleza kwa lugha hiyo ya flojistoni. Aliiona kuwa hewa iliyonyimwa flojistoni. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alikuwa ameipata gesi hiyo kabla yake, lakini maandishi yake yalichapishwa mwaka 1777. Lavoisier ndiye aliyeamini mizani. Novemba 1772 aliiwekea Akademia ya Sayansi ya Paris barua iliyofungwa akieleza kwamba salfa na fosforasi huongezeka uzito zinapoungua. Kitu kikiungua kikawa kizito, basi kimepokea, hakikuachia.

Sasa njia mbili za kuliona hilo.

Nyuzi za chuma ni njia rahisi. Ning'iniza fundo la nyuzi upande mmoja wa rula iliyosawazishwa katikati, na uzito mwingine upande wa pili. Zitanue nyuzi kidogo ili hewa ipenye. Ziwashe kwa mwali, au kwa kuzigusisha na betri ya volti 9, na uziache. Cheche zitatambaa ndani ya fundo, nalo litashuka taratibu mbele ya macho yao. Weka chini yake bamba lisiloshika moto, maana vipande vingine vitaanguka. Vikianguka, rula itakudanganya. Kwa mizani ya kidijitali yenye kusoma sehemu za gramu, weka nyuzi kwenye kibakuli cha chuma juu ya kigae, usije ukaunguza mizani. Usitarajie ongezeko kubwa: kama chuma chote kingeungana na oksijeni na kuwa Fe₃O₄, kila gramu 10 zingekuwa karibu 13.8, lakini darasani ni sehemu tu inayoungua.

Magnesi ni njia ya namba. Utepe uliokwanguliwa safi huwekwa ndani ya kijibakuli cha kaure chenye kifuniko, hupashwa moto, na kifuniko huinuliwa kidogo kidogo kuruhusu hewa iingie bila moshi mweupe kutoroka. Magnesi gramu 0.24 inatakiwa kutoa oksaidi gramu 0.40, kulingana na 2Mg + O₂ → 2MgO. Vikundi vingi hupata pungufu ya hapo, kwa sababu ya moshi uliotoroka na kwa sababu sehemu ya magnesi huungana na naitrojeni badala ya oksijeni. Kupungua huko si kushindwa. Ni nafasi ya kuzungumzia vyanzo vya makosa kwa mfano ulio mkononi mwao.

Kwa hatari, magnesi iko juu zaidi. Mwali wake wazi hauangaliwi kwa macho, na hauzimwi kwa maji wala kwa kizimamoto cha kabonidayoksaidi, kwa sababu magnesi huendelea kuungua ndani ya gesi hiyo na kuacha kaboni nyeusi. Weka mchanga mkavu karibu. Kwa hiyo: nyuzi za chuma kwa darasa zima na kwa swali la "kwa nini", magnesi kwa vikundi vidogo, wenye miwani ya kinga, na kwa swali la "kiasi gani".

Likibaki swali la kuni na mshumaa, mbona hivyo hupungua, warudishe kwenye mlingano wa nta. Kila gramu 1 ya nta inachukua karibu gramu 3.5 za oksijeni na kutoa gramu 3.1 hivi za kabonidayoksaidi na 1.3 za maji. Mshumaa nao umezaa vitu vizito kuliko wenyewe. Ni kwamba vimepaa. Shikilia sahani baridi juu kidogo ya mwali uone ukungu wa maji, pitisha gesi yake kwenye maji ya chokaa uone yakigeuka kama maziwa.

Vingine kwa ufupi

Kuwasha moshi wa mshumaa: zima mshumaa, kisha peleka kiberiti kinachowaka kwenye uzi wa moshi mweupe sentimita chache juu ya utambi. Mwali utashuka kupitia moshi na kuuwasha utambi. Hili halihusu oksijeni moja kwa moja, linahusu upande wa pili: kinachoungua ni mvuke wa nta, si utambi. Linachukua dakika mbili, na ni utangulizi mzuri wa jaribio lolote kati ya haya.

Video: nzuri kwa magnesi na fosforasi pale ambapo huna ulinzi wa kutosha. Kwa mshumaa, hapana.

Uchague lipi?

Kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, bilauri kavu pamoja na chupa ya pumzi. Inatosha, na usiongeze asilimia.

Kwa miaka 12 hadi 14, ningetumia kijiti chenye kaa kama kitovu, na neli ya kutu ningeianzisha siku hiyohiyo mwishoni mwa kipindi ili isomwe katika kipindi kinachofuata. Ukiwa na kipindi kimoja tu na huwezi kurudi kesho, acha kutu, chukua kijiti.

Kwa sekondari ya juu, mizani kwanza, kisha kutu, na mwishoni sahani ya maji ikiletwa kama fumbo la kuvunja. Mpangilio huu una faida: wanafika kwenye jaribio linalopotosha wakiwa na silaha za kulipinga.

Ikiwa huna maabara, bilauri, nyuzi za chuma, siki na neli au hata chupa nyembamba ya kioo vinakupa majibu mawili kati ya matatu makubwa: kwamba hewa inahitajika, na kwamba sehemu inayotumika ni karibu moja ya tano. Rula, uzi na nyuzi zilezile za chuma zinakupa la tatu.

Na yule mwanafunzi aliyeniuliza kwa nini maji yamechelewa kupanda: siku hiyo nilimjibu kwa haraka, na nilimjibu vibaya. Leo nisingemjibu. Ningempa bilauri ileile na mishumaa miwili zaidi, nikamwomba aandike kwanza, kabla ya kuwasha, anadhani maji yatafika wapi.